Pigo Halikai: Matatizo ya Mwanafunzi wa Ngoma, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuyatatua

"Mwalimu, mkono wangu mzito." Kauli hiyo nimeisikia kuliko zote tangu nianze kufundisha ngoma na dufu nyakati za jioni, na mara nyingi mkono wenyewe hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye sauti ambayo mkono umepewa uifuate: imechelewa, imefunikwa, haipo kabisa, au ipo nyingi mno hadi mwanafunzi ameilalia kama mto. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mazoezi ya vidole. Unaanza na sikio.

Sikio linastahili nafasi hiyo. Mtu akigonga kidole kufuata mlio wa ko-ko-ko hukosea kidogo kuliko akifuata taa inayowaka na kuzimika kwa mwendo uleule. Jambo hilo limepimwa maabara mara nyingi. Tena si lazima mtu asogee. Mwaka 2007 Lahav, Saltzman na Schlaug waliwafundisha watu wasiojua muziki kipande kifupi cha kinanda, kisha wakawasikilizisha wakiwa wamelala kimya ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa mikono ziliitikia kipande walichojifunza kuliko kipande kingine chenye noti zilezile zilizopangwa upya. Waliosikia ni masikio, walioamka ni mikono.

Waliokulia kwenye kutwanga hawahitaji mashine hiyo. Kinu kimoja, michi miwili: ukiutazama mchi wa mwenzio, mtagongana. Bibi yangu alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, usiutazame, usikilize," kisha akageuza uso kabisa kuzungumza na jirani aliyepita uani, huku mchi wake ukishuka papo hapo wangu unapopanda.

Ukaguzi wa dakika tano, kabla ya yote

Tafuta simu mbili. Moja iweke metronomu, yaani programu inayolia ko-ko-ko kwa mwendo usiobadilika, kwenye mapigo 80 kwa dakika, kwa spika yake yenyewe, bila Bluetooth. Ya pili irekodi. Zote mbili ziwe karibu na ngoma, umbali wa mkono tu. Piga dakika mbili mdundo unaoujua vizuri, halafu weka vijiti chini na usikilize.

Usiruke hatua hii kwa kudhani unakumbuka ulivyopiga. Sikio la mtu anayepiga lina huruma, humsamehe mwenyewe. Sikio la mtu aliyekaa kusikiliza halina. Kama programu yako ya kurekodi inaonyesha picha ya mawimbi, ikuze: mlio wa metronomu na pigo lako vitaonekana kama vilima viwili, na nafasi iliyo kati yake ndiyo kosa lako, halina pa kujificha. Andika kwenye karatasi unaloliona. Unachelewa? Unatangulia? Ulianza vizuri ukaishia mbele? Au unayumba huku na huku bila mpango? Kisha nenda kwenye tatizo lako hapa chini.

"Sisikii pigo liko wapi"

Hili ni la wanaoanza, na chanzo cha kawaida zaidi ni kusikiliza pasipofaa. Mwanafunzi anamfuata mwimbaji au fidla, na hao wawili wana ruhusa ya kuchelewa na kutangulia wapendavyo. Utamu wao uko humo. Kama ni kidumbak, ule muziki wa ngoma wa Zanzibar, sikiliza mkwasa na sanduku kwanza. Mkwasa ni vile vijiti viwili vifupi vinavyogonganishwa, na sanduku ni lile besi la kamba lililotengenezwa kwa boksi la chai. Hao hawatangitangi. Sikio pia hushika muda vizuri zaidi kwenye sauti nzito kuliko nyembamba, kwa hiyo ukiwa na wimbo kwenye simu, usiusikilize kwa spika ya simu ambayo inakata besi yote. Tumia iyafoni ya waya.

Chanzo cha pili ni mwili kutulia kupita kiasi. Wapo wanaokaa kama waliopigwa picha ya pasipoti, kisha wanashangaa hawasikii mdundo. Simama. Hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Usipige chochote mpaka miguu ikubaliane na sanduku.

Chanzo cha tatu ni nadra sana. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walieleza habari za kijana aliyeweza kuruka sawasawa na metronomu lakini akashindwa kulipata pigo ndani ya muziki. Uziwi wa pigo, tuseme. Wanafunzi wengi huniambia kwa hakika kabisa kwamba nao ni hivyo. Bado sijampata hata mmoja ambaye hakupona kwa kusimama na kuhamisha uzito.

"Nachelewa kila pigo, tena kwa kiasi kilekile"

Kosa likiwa la kiasi kilekile kila mara, shuku kifaa kabla ya kumshuku mtu. Mkono wa binadamu hauwezi kukosea kwa usawa namna hiyo hata ukiuomba.

Chanzo cha kwanza ni Bluetooth. Sauti inafungashwa na simu, inarushwa hewani, inafunguliwa na spika, na safari hiyo hula milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi (sekunde moja ina milisekunde 1,000). Kwenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja hadi jingine ni milisekunde 500 tu. Umeshapoteza theluthi moja ya njia kabla hujainua kijiti.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kama spika ya Bluetooth inatoa metronomu tu, nawe unapiga ngoma ya ngozi mbele yake, hakuna tatizo: metronomu yote imesogea nyuma kwa kiasi kimoja, unaifuata unavyoisikia, mnakwenda sawa. Tatizo linaanza sauti inayochelewa inapokuwa ya mkono wako mwenyewe. Unagonga kinanda au ngoma ya umeme, na sauti yake inatokea kwenye spika ya Bluetooth baada ya kidole kuondoka. Ubongo haujui la kufanya na taarifa hiyo. Bernard Lee alieleza mwaka 1950 kwamba mtu akirudishiwa sauti yake mwenyewe masikioni kwa kuchelewa kidogo huanza kugugumia, mtu mzima asiye na tatizo lolote la kusema. Vidole navyo hugugumia hivyohivyo.

Jaribio lake ni rahisi. Zima metronomu. Gonga kitufe kimoja cha kinanda kwa nguvu kidogo na usikilize: je, unasikia tak moja au mbili? Ya kwanza ni kucha kwenye plastiki, ya pili ni spika. Ukizisikia zimeachana, acha kufanya mazoezi kwa kifaa hicho mpaka upate waya. Simu isiyo na tundu la iyafoni inahitaji adapta ya waya, na ni ya bei ndogo kuliko masomo utakayorudia.

Chanzo cha pili ni umbali. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20, na kwa joto la pwani huongeza kidogo. Hesabu ya haraka: kila mita 10 inakula takriban milisekunde 29. Shule moja iliniita kusaidia gwaride la mahafali kwa sababu "watoto wa nyuma wazembe". Bendi ilikuwa mbele kabisa, watoto wadogo mita 50 nyuma yake. Piga hesabu: wanaisikia ngoma baada ya milisekunde 145 hivi. Kwa hatua 120 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya robo ya hatua. Watoto walikuwa wanakanyaga sawasawa kabisa na kile walichokisikia, na walikuwa wameshachapwa kwa ajili yake. Tulihamishia ngoma kubwa katikati ya uwanja na tofauti ikapungua kwa nusu, siku hiyohiyo, bila mtoto hata mmoja kufundishwa kitu kipya.

Chanzo cha tatu ni somo la simu ya video. Msijaribu kupiga pamoja. Kila mmoja atamsikia mwenzake amechelewa, kila mmoja atapunguza mwendo kumsubiri, na baada ya dakika mtakuwa mnatambaa. Fanyeni kuitikiana: mwalimu apige, anyamaze, mwanafunzi ajibu.

Vifaa vikiwa vizima vyote na bado unachelewa, basi unausubiri mlio. Hili ndilo kosa la kweli la mwanafunzi, na lina dalili yake: kuchelewa kunakaribia milisekunde 150 na kunabadilikabadilika. Hiyo ni takriban muda ambao mtu anahitaji kusikia kitu na kuitikia. Mpiga ngoma haitikii, anatabiri. Mkono huanza kushuka mlio ukiwa bado haujalia. Mwombe mwenzako akae na metronomu nyuma yako na aizime ghafla bila kukuambia. Anayetabiri atapiga pigo moja la ziada kwenye ukimya. Anayesubiri atanyamaza pamoja na mashine.

Dawa ya anayesubiri si kuambiwa "wahi". Akiambiwa hivyo atarusha mkono ovyo. Mpe pumzi ya kuingilia: ahesabu moja hadi nne kwa sauti kabla ya kuanza, na wakati anapiga aendelee kuinua kijiti kwa mwendo mmoja usiokatika, kama mchi. Kijiti kinachosimama juu kusubiri ndicho kinachochelewa kushuka.

"Natangulia"

Kidogo ni kawaida, usitibu lisilo ugonjwa. Watu wanaogonga kidole kufuata mlio hutangulia kwa makumi ya milisekunde huku wakiapa kwamba wako sawa kabisa. Waliojifunza muziki hutangulia kwa kiasi kidogo zaidi. Ukiona kwenye mawimbi kilima chako kiko mbele kidogo ya kile cha metronomu na sikio la anayesikiliza halilalamiki, endelea na maisha.

Kama linalalamika, mara nyingi sababu ni uwazi kati ya mapigo. Muda mtupu unaonekana mfupi kuliko ulivyo, na mkono unawahi. Ujaze. Mtu apige manyanga au cherewa katikati ya mapigo, au wewe mwenyewe useme "ti-ka-ti-ka" mdomoni. Sauti ndogo zinazojaza pengo huvuta mkono urudi mahali pake bila ugomvi.

Sababu ya pili hunichekesha kila mara. Ukipiga sawasawa kabisa na metronomu, ngoma yako inaufunika mlio wake: husikii kitu. Mwanafunzi anadhani metronomu imepotea, anasogea mbele kidogo ili aisikie tena. Anaadhibiwa kwa kuwa sahihi. Badilisha mlio uwe tofauti na ngoma yako: kwa ngoma nzito, mlio mwembamba; kwa dufu lenye sauti kali, mlio mzito. Weka iyafoni sikio moja tu. Na mweleze mwanafunzi kabla hajaanza: mlio ukitoweka, umefika.

"Naanza vizuri, nakimbia"

Rudi kwenye rekodi. Hesabu mapigo ya sekunde 15 za mwanzo na zidisha kwa nne, kisha fanya hivyo kwa sekunde 15 za mwisho. Kama ulianza na 80 ukamaliza na 84, hakuna atakayegundua. Ukifika 96, hata mama jirani amegundua.

Sababu ya kwanza ni nguvu. Watu wengi wakiongeza sauti wanaongeza na mwendo, wakipunguza sauti wanazubaa. Fanya zoezi hili mpaka likuchoshe: metronomu ikiwa imesimama palepale, piga mara nane kwa sauti ya kunong'ona, mara nane kwa nguvu zote, rudia. Utajiona unavyovutwa.

Sababu ya pili ni sehemu ngumu. Mtu anaikimbilia ili aimalize. Itenge, ipige peke yake kwa mwendo wa chini, irudishe.

Kwenye kikundi sababu ni nyingine kabisa, na huwezi kuitibu ukiwa peke yako. Kila mmoja anatangulia kidogo, jirani yake anamfuata asiachwe, wa tatu anawafuata wote wawili. Baada ya dakika tano kikundi kizima kinahema na kila mtu ana uhakika kwamba aliyekimbia ni mwingine. Hapo teueni mtu mmoja ashike mkwasa na wengine wote mkubaliane kwamba yeye hakosei, hata akikosea. Asiwe mpigaji hodari kuliko wote. Awe mtu asiyesisimka haraka.

Nisieleweke vibaya: zipo ngoma ambazo zinatakiwa kuongeza mwendo zikikolea, na anayezibana kwa metronomu anaziua. Kukimbia ni kosa pale tu ambapo hamkukubaliana.

"Polepole sana ndiyo napotea zaidi"

Si wewe. Mapigo yakiachana zaidi ya sekunde mbili hivi, sikio huacha kuyasikia kama mdundo mmoja. Yanakuwa matukio mawili yasiyojuana, na utabiri unakufa. Kwa hiyo metronomu kwenye 30 ni mateso kwa kila mtu. Iweke 60, hesabu kila pigo la pili. Anayekwambia "ukiweza 30 utaweza yote" hajajaribu mwenyewe siku za karibuni.

"Nikizima metronomu, kila kitu kinaporomoka"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo bidii inapomwangusha mtu. Mwanafunzi mvivu hapati tatizo hili. Linampata yule anayewasha metronomu kila siku saa nzima na kuifuata kwa unyenyekevu.

Msaada unaotolewa kila pigo, kila siku, hugeuka gongo. Ubongo hauna sababu ya kutengeneza saa yake ikiwa ipo ya kuazima. Hata hivyo sauti si mkopeshaji mbaya kuliko wote. Ronsse na wenzake walichapisha mwaka 2011 jaribio ambalo napenda kuwasimulia wanafunzi. Watu walifundishwa kukunja na kukunjua viganja vyote viwili, mkono mmoja ukiutangulia mwingine kwa robo ya mzunguko, jambo gumu kwelikweli. Lijaribu hapo ulipo. Kundi moja lilionyeshwa kwenye kioo cha kompyuta namna linavyokwenda, kundi la pili likasikilizishwa milio iliyotokana na mwendo wao. Makundi yote mawili yaliweza. Msaada ulipoondolewa, waliozoea picha waliharibikiwa, waliozoea sauti wakaendelea kama kawaida.

Tofauti ninayoiona darasani inafanana na hiyo. Anayejifunza kwa kuutazama mkono wangu hupotea nikigeuka. Anayejifunza kwa kusikia huwa ameondoka na mdundo kichwani. Kwa hiyo jaribu hili kwanza: mpe mwalimu mgongo. Ukipotea, tatizo lako si metronomu, ni macho. Fanya wiki nzima ya masomo ukiwa umegeuka au umefumba macho, hata kama unaona aibu.

Kama ni metronomu yenyewe, ipunguze kwa ngazi. Kwanza ilie kwenye pigo la kwanza tu la kila mzunguko. Ukizoea, mizunguko miwili ilie, miwili inyamaze. Programu nyingi za simu zina mpangilio huo. Ikirudi kulia baada ya ukimya ndipo utajua ulikuwa wapi. Baadaye ukimya uwe mizunguko minne. Usifanye ngazi mbili siku moja.

Ngazi ya mwisho ni mdomo. Metronomu si ya juzi: Mjerumani Mälzel aliipatia hataza mwaka 1815, akitumia wazo ambalo Winkel wa Amsterdam alilitangulia mwaka mmoja nyuma. Ila wapiga ngoma wetu walifundishana kwa kutamka: "dum-ta-ka-dum-ta". Mdundo unaoweza kuutamka ukiwa unaosha vyombo, bila kukwama, mkono utaupata. Usioweza kuutamka, metronomu inakubebea tu. Kuna mwanafunzi wangu, dereva wa bodaboda, ambaye nilimkataza kugusa ngoma kwa siku nne. Atamke tu akiwa kijiweni akisubiri abiria. Siku ya tano alikuja, akapiga mzunguko mzima bila mashine, kisha akasimama katikati akacheka. "Mwalimu, kumbe ilikuwa mdomoni."

"Mkono mmoja mmoja naweza, yote miwili inagombana"

Chanzo cha kwanza ni kusikiliza mikono miwili kama watu wawili. Mapigo matatu ya kulia dhidi ya mawili ya kushoto hayawezi kuhesabiwa kwa vichwa viwili, kwa kuwa unacho kimoja. Yasikilize kama sentensi moja. Ninayotumia mimi ni "njoo ule wee". Vuta "njoo" kwa urefu wa vipande viwili, "u" kimoja, "le" kimoja, "wee" viwili. Mikono yote miwili inashuka pamoja mwanzoni mwa "njoo", kulia inapiga "u", kushoto inapiga "le", kulia inapiga "wee", na unarudi mwanzo. Tamka kwanza mara ishirini bila kupiga. Kisha piga mapajani, kwenye uso mmoja wenye sauti moja, ili sikio lisikie mstari mmoja. Ukianza mara moja na ngoma mbili za sauti tofauti, sikio litazitenganisha na ugomvi utarudi.

Chanzo cha pili: mapigo yanayotakiwa kushuka pamoja yanashuka "tra" badala ya "ta". Mkono dhaifu unainuliwa chini kuliko mwenzake, unafika mapema. Usiukemee. Inua mikono yote miwili kimo kimoja, ujitazame kwenye kioo hapo tu, halafu fumba macho tena.

"Jana niliweza, leo siwezi"

Ulilala? Mazoezi ya mkono hukomaa usingizini, na mtu aliyekesha hana wa kumlaumu. Pia angalia kama jana ulipiga mdundo huo mmoja mara mia mfululizo: kurudiarudia kunadanganya. Changanya midundo mitatu, kila mmoja dakika tano, zunguka. Itaonekana mbaya zaidi leo na nzuri zaidi keshokutwa.

Acha, mtafute mtaalamu

Yapo ambayo mwalimu wa ngoma hapaswi kuyagusa, na mimi nikiyaona ninafunga somo.

Mkono au mguu mmoja ukipoteza nguvu ghafla, uso ukavutwa upande mmoja, au maneno yakaanza kukokoteka: huo si mdundo uliopotea, huenda ni kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo, hata kama baada ya dakika kumi mtu anasema amepona.

Sikio moja likiziba ghafla na kusikia kukapungua, usingoje wiki ipite ukidhani ni nta. Nenda siku hiyo au kesho yake. Masikio yakilia mluzi baada ya ngoma, yamepita kiasi. Yapumzishe, na mluzi ukiendelea zaidi ya siku moja mbili, muone daktari wa masikio. Kipimo kinachotumika kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili, hivyo kwenye desibeli 100 una robo saa tu. Ngoma kubwa chumbani hufika huko bila shida. Vizibo vya masikio si vya waoga.

Mzazi anayetembea kwa kuburuza nyayo au kuganda mlangoni, na mmesikia kwamba mdundo husaidia wenye ugonjwa wa Parkinson: ni kweli. Thaut na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba wiki tatu za kutembea kwa kufuata mdundo zilirefusha hatua na kuongeza mwendo. Lakini mwendo wa kuanzia hupimwa, na mtu anaweza kuanguka. Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia, awachagulie yeye.

Maumivu ya kifundo au kiwiko yanayobaki hadi asubuhi, au ganzi ya vidole usiku: pumzika siku kadhaa, punguza, na yakirudi palepale ulipoanza tena, daktari. Dawa ya kuchua haitarekebisha namna mbaya ya kushika kijiti.

La mwisho hupuuzwa kwa sababu haliumi. Kidole kinajikunja au kunyooka chenyewe unapopiga mdundo mmoja tu, huku kikifanya kazi zote nyingine vizuri: kushika kikombe, kuandika ujumbe, kufunga kifungo. Wanamuziki huwa wanapambana nalo kwa kuongeza saa za mazoezi, na kuongeza huko kunaweza kulizidisha. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye wa kumwona. Ukifika pale kidole kitatulia kwa adabu kama hakijawahi kufanya lolote, kwa hiyo nenda na simu: jirekodi video ya nusu dakika ukipiga mdundo uleule unaokisumbua, mkono uonekane vizuri, na sauti iwe imewashwa.